Daraja Lililokosa Utepe

— Nina ngano.
— Ipakue.
— Imepoa kidogo.
— Tutaila hivyo hivyo.

Basi, alikuwapo Kinyonga, fundi wa kuchora madaraja, na alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa jua wala wa njaa. Ulikuwa ule uchovu wa kuchora kitu kimoja mara sita na kila mara kuambiwa bado.

Mto ulikuwa wa Kiboko. Nani alimpa, hakuna ajuaye, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwuliza. Mashine ya kusaga ilikuwa ng'ambo, na kivuko kilikuwa mgongo wake. Kila siku ya kusaga Mama Digidigi alifika na baiskeli, kriing, gunia la mihogo mikavu limefungwa nyuma kwa mpira. Kiboko akamvusha, akala nusu ya mihogo. Mama akasaga, akarudi, kriing. Kiboko akamvusha, akala nusu ya unga. Nyumbani watoto wanne wakalamba sufuria, wakalala.

Wanyama wakaomba daraja, la waenda kwa miguu na la baiskeli, basi. Kiboko akakubali upesi mno, na hapo Kinyonga akaingiwa na wasiwasi.

Akachora daraja jembamba. Akateremka ukingoni, mguu huu, akasita, mguu ule, akasita, mpaka majini.

"Mheshimiwa, mchoro huu hapa."

"Ongeza nguzo."

Akapanda. Akachora. Akateremka, mguu huu, akasita, mguu ule, akasita.

"Mheshimiwa, mchoro huu hapa."

"Ikate mikuyu ile miwili, italificha. Na ongeza geti, nami nipate kibanda cha kukaa nikipokea."

"Ukipokea nini, mheshimiwa?"

"Nusu," akasema Kiboko. "Nusu kwenda, nusu kurudi. Wewe ulidhani nini?"

Baada ya safari ya sita Kinyonga alikaa kwenye tawi la mkuyu, hana hamu hata ya nzi. Chini akapita Mama Digidigi na unga wake kidogo.

"Kaka Kinyonga, uko wapi? Nasikia unahema, sikuoni."

"Niko mbele yako, dada."

Mama akatafuta, akatafuta, mpaka akamwona. "Kumbe. Nilidhani ni gamba la mti." Kisha akasema polepole, "Yule mwanangu mdogo leo hakusimama. Nimemwacha kalala tu."

Kinyonga alijisikia vibaya sana. Jicho moja likabaki kwenye gunia, jingine likatembea juu ya mkuyu, likavuka maji, likafika kwenye mkuyu wa ng'ambo.

Akateremka mara ya saba.

"Mheshimiwa, daraja la hadhi yako linataka mchakato. Vikao, upimaji, vikao tena. Mwisho utepe, na utaukata wewe."

"Kabla ya utepe asipite mtu," akasema Kiboko.

"Nani athubutu, mheshimiwa."

Kiboko hulala mchana, pua juu ya maji, khooo, pwii. Basi mchana kukawa na msaragambo, wanyama wote kazini pamoja. Kima wakasuka mizizi ya mkuyu wa huku na ya mkuyu wa kule. Mchwa wakasawazisha njia kwa udongo wa ukingo ule ule, upana wa usukani na wa mtu wa kumpisha. Kandokando wakapanda matete. Kinyonga akakataa nguzo, akakataa rangi, akakataa hata msumari unaong'aa. "Likionekana limeharibika," akawaambia. Lilipokwisha, yeye mwenyewe alilitafuta kwa kupapasa.

Kriing, juu ya Kiboko.

"Nini hicho?"

"Ndege, mheshimiwa."

"Na daraja?"

"Tuko kwenye mchakato."

Kriing, kriing.

"Na wanaovuka mbona siwaoni?"

"Wamegoma kuvuka mpaka ulizindue."

Kiboko akafurahi siku kumi. Siku ya kumi na moja njaa ikamzidi. Akaita wanyama wote ng'ambo, akaja na utepe mdomoni. Wote wakafika, hata wa upande huu, na hakujiuliza wamefikaje. Akatazama mto juu, akatazama mto chini. Shingo ile haiinuki.

"Liko wapi?"

Jicho moja la Kinyonga lilikuwa kwa Kiboko, jingine kwa Mama Digidigi, aliyechelewa, na sasa yuko katikati ya daraja na gunia zima, kwato yake imebana kengele isilie.

"Halijajengwa, mheshimiwa."

"Ni kweli?" Kiboko akawauliza wengine.

"Halijajengwa," wakasema, na miguu ina udongo wa njia.

"Miezi yote hii," akasema Kiboko. "Fundi mvivu hivi sijapata kuona. Kuanzia leo huna kazi."

"Ahsante, mheshimiwa," akasema Kinyonga, na ilimtoka moyoni.

Akapanda mkuyu, mguu huu, mguu ule, akalala siku tatu bila mchoro hata mmoja kichwani. Siku ya tatu yule mtoto mdogo wa Mama Digidigi alikuja mbio juu ya daraja, tumbo limejaa ugali, akamkanyaga mkia bila kumwona.

Ngano imekomea hapo. Aliyesikia aende nayo, aliyesinzia asiamshwe. Na funzo lake, enyi mafundi, ni hili: msiwe wavivu kama Kinyonga. Kazi isiyokatiwa utepe haijafanyika, na walioshiba kwa ajili yake wanajisingizia tu.