Mpichi Ulionyimwa Usingizi

Paukwa!

"Pakawa."

Mmejibu kama wagonjwa. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo kale, katika kijiji kimoja cha pwani, palikuwa na kijana akiitwa Mwinchande. Akaoa mke wa milimani, jina lake Nakijwa. Bibi harusi alishuka na mche wa mpichi, mti wa matunda ya kwao, mizizi imefungwa udongo wa kwao. Mche ukapandwa uani, mke akaingia ndani, siku moja, nyumba moja. Hapo ndipo watu walipokosea, wakaanza kuwahesabu pamoja.

Mwaka wa kwanza, mti haukuzaa. Mke hakuzaa. Mwaka wa pili, mti kimya. Mke kimya. Mavyaa yake, mama wa Mwinchande, akasema, "Mti wa kwao na tumbo la kwao ni mamoja."

Basi mti ule ukapendwa mapenzi ya kuua. Asubuhi wakaumwagia maji, chwaa. Jioni, chwaa. Wakaufukizia moshi wa makumbi ya nazi, fuu, fuu, kama tufanyavyo miembe ili itoe maua. Majani yakajaa, mabichi, mazito, mwaka mzima hayaanguki. Tunda hakuna.

Kipupwe cha mwaka wa tatu kikaingia. Mavyaa akamwita mwanawe mbele ya mkewe na majirani.

"Vuli ikinyesha na mti huu hauna tunda, nautia shoka. Na mkeo utampa talaka yake arudi kwao."

Mwinchande akatazama chini, na mimi sijamsamehe mpaka leo.

Nakijwa akaenda kwa Bi Mwanarusi, mkunga mkongwe aliyezalisha nusu ya kijiji. Hakulia. Alikaa tu, mikono mapajani. Bi Mwanarusi akamwuliza, "Mwanangu, kwenu mti huu mnaufanyaje?"

"Hatuufanyi kitu, bibi. Baridi ikija, hupukutisha majani yote ukalala. Baridi ikiisha, huamka na maua."

"Na mbona hukuwaambia?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Bi Mwanarusi akajifunga kibwebwe, akaenda mpaka uani. Akaanza kuyachuma majani ya mpichi. Pwi. Pwi. Pwi. Moja moja, mpaka mti ukabaki mifupa. Watu wakajaa uani. Mmoja akanong'ona, "Kauua." Mwingine, "Bibi kazeeka."

"Huu haujalala tangu uje," akasema bibi. "Baridi yetu ni haba, ya alfajiri tu, na jua la mchana huifuta. Basi hiyo haba tuitunze."

Akaujengea kivuli cha makuti. Akakataza maji. Akakataza moshi. Akauzungushia mkeka, kama mlango wa mwanamke aliyetoka kujifungua. "Siku arobaini," akasema. "Asiuguse mtu."

Siku kumi zikapita, mti mkavu. Ishirini, mti mkavu. Siku ya thelathini mavyaa akaja na shoka. Bi Mwanarusi alikuwa ameketi shinani, hakuinuka.

"Nilipokuzalisha huyo Mwinchande," akasema, "nani aliingia na shoka kwenye arobaini yako?"

"Hakuna."

"Nani alikuuliza utazaa tena lini?"

"Hakuna."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu. Bado kumi."

Mavyaa akarudi. Lakini shoka aliliacha palepale, limeegemea ukuta, Nakijwa alione kila akipita.

Arobaini ikatimia. Mkeka ukaondolewa. Vijiti vitupu. Nakijwa akaingia ndani kufunga nguo zake. Bi Mwanarusi akamwaga maji shinani, chwaa. Kesho yake, hakuna kitu. Kesho kutwa, hakuna kitu. Siku ya saba, kwenye ncha ya tawi, ua moja. Kisha yakawa matano. Upepo ukapiga, vuu, yakaanguka manne. Nakijwa alilifunika lile moja kwa viganja vyake mpaka upepo ulipotulia.

Mvua ya kwanza ya vuli ikadondoka, ta, ta, ta, na tunda lilikuwa limeshika tawini. Lilikuwa dogo kuliko ndimu, na chachu. Mavyaa alilionja akakunja uso. Lakini neno lake alilisema mbele ya watu, basi akachukua shoka lake akaenda kuchanja kuni.

Mwinchande akaja kwa bibi na shukrani. "Bibi, mke wangu atabaki."

"Mti umeupa siku arobaini," bibi akamwambia. "Mkeo umempa ngapi?"

Kijana akaanza kuhesabu vidole, bibi akamkatiza.

"Miaka mitatu hajaona baridi ya kwao wala uso wa mamake. Mpeleke mwenyewe. Ukae huko mpaka yeye aseme turudi."

Akampeleka. Wakakaa huko mpaka Nakijwa mwenyewe aliposema, turudi.

Naona midomo yenu, mnataka kuniuliza kama alizaa. Bi Mwanarusi aliulizwa hivyo hivyo mpaka siku anazikwa, na jibu lake lilikuwa moja: "Mimi niliuponya mti. Nyie bado mnaumwa."

Ukimpokea mgeni, pokea na habari za kwao, na usimwamshe kila siku kumwuliza kama amelala.

Hadithi yangu imeishia hapo. Tamu yake chukueni, chachu yake niachieni mwenyewe.