Neno Moja Chini ya Tangazo la Jirani

Leo, wapendwa, msizime simu. Najua mzee wa kanisa ameshawaambia kama kila Jumapili, na walio watiifu wameshazizima. Hao Mungu awabariki, wawashe tena. Mfano wa leo unakaa ndani ya simu. Kila mmoja ashike aliyo nayo, hata ile ya tochi.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, katika mji wa baridi kama huu wetu. Mji ule ulikuwa na kundi lake mtandaoni, watu elfu mbili wanaouziana vitu. Huyu ana kitanda, yule ana mbuzi, mwingine ana gauni la sendofu alilovaa mara moja tu. Kwa miaka lilikuwa vurugu tupu: unatafuta sufuria, unakutana na jogoo. Watu wakasema, jamani, sehemu ya mauzo apewe mwalimu aipange.

Na aliipanga! Akaweka rafu kama za dukani: rafu ya mavazi, ya vyombo, ya mazao, ya mifugo. Akatoa sheria: picha safi, bei wazi, mahali ulipo. Wale waliozoea kuandika "bei njoo inboksi" walirudishiwa matangazo yao kama madaftari yenye makosa. Watu wa miji mingine wakaja kuchungulia, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao. Mwalimu akawa anapita sokoni shingo juu. Mimi simlaumu. Ukifanya kazi nzuri, furahi nayo.

Ila jambo moja lilimkera. Watu wa kundi lile walikuwa na desturi yao. Tangazo la jirani likikaa bila mnunuzi, unaandika chini yake neno moja: "Juu." Hununui, wala huulizi bei. Lakini ukishaandika, tangazo lile linapanda tena mwanzoni mwa rafu na watu wote wanaliona. Mwalimu akikuta "juu, juu, juu" thelathini chini ya picha ya ndoo, vidole vilimwasha kwa kukosa kalamu nyekundu. Siku moja akaandika: "Kuanzia leo, asiyenunua asiandike. Tangazo zuri linajiuza lenyewe." Rafu zikawa safi. Kwa kweli zilipendeza.

Sasa, mjini pale palikuwa na mjane kijana mwenye mashine ya kutotolesha mayai. Mwezi ule akapata vifaranga mia tatu kwa mpigo. Wafugaji mnajua: kifaranga hasubiri. Anataka joto mchana kutwa na usiku kucha, na yule dada alikuwa na chumba kimoja na jiko la mkaa moja. Zamani vifaranga wake walikuwa wanaisha kwa siku mbili, maana majirani walikuwa wanamwandikia "juu." Safari hii aliweka picha, bei na mahali, sawasawa kama mwalimu alivyofundisha. Yakaja matangazo ya mbuzi yakalifunika lake. Likaja la mbwa. Siku ya pili wakafa vifaranga sita, siku ya tatu kumi na mmoja. Akapiga simu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa wenzangu waniinue kidogo. Vifaranga wananifia."

"Marahaba, mwanangu. Nikikuruhusu wewe leo, kesho nitamkatalia nani? Sheria ni msumeno. Vuta subira, mwenye haja nao atawaona."

"Haya, mwalimu. Asante." Akakata simu, akarudi kupuliza jiko lake.

Sikilizeni hapa. Wiki ileile akina mama wa jumuiya wakamtuma mwalimu awanunulie vifaranga wa mradi, mia mbili. Akaifungua rafu yake ya mifugo kwa madaha. Akaona mbuzi, mbuzi, mbwa, mbuzi. Akasema, ile simu ikiwa imeshamtoka akilini, "Huku kwetu hawapo." Asubuhi akapanda basi, mwendo wa saa tatu nzima, akanunua mji wa mbali huko, akarudi na maboksi yanayolialia. Anashuka stendi, anakutana na nani? Yule mjane, kajitwika gunia la mkaa.

"Mwalimu, hao vifaranga umewatoa wapi?"

"Mbali, mwanangu! Hapa mjini nimetafuta, sikupata hata mmoja."

Yule dada akautua mkaa chini. "Mimi ninao mia mbili na arobaini. Leo siku ya tano wako kwenye rafu yako, mwalimu. Wako chini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia."

Ndugu zangu, wewe ungejibu nini? Mwalimu aliweka maboksi chini palepale stendi, akatoa simu, akaanza kulitafuta lile tangazo. Akashuka, akashuka, akashuka mpaka akalikuta. Akaandika, "Juu." Yeye mwenyewe, mtunga sheria, wa kwanza kuivunja. Haikupita nusu saa, fundi viatu akaandika juu. Muuza chumvi, juu. Watu waliokuwa wakilitazama tangazo lile siku tano, wanalipita kwa utii, wote wakafunguka. Kabla jua halijazama vifaranga wote walikuwa wameshachukuliwa. Nawaambia, mwalimu alijivuna siku ile kuliko siku zote, na safari hii alijivunia watu.

Na sisi je? Sisi tumejipanga, wapendwa, na mimi najivuna kabisa. Kwaya ina viti vyake, wazee mbele, vijana kulia, ibada inaanza saa tatu na inakwisha saa tano kamili. Wachungaji wa sharika nyingine wanakuja kutuchungulia. Mnakumbuka ni nani aliyesema shida za watu zisisomwe tena hapa mbele kwa sababu zinarefusha ibada? Ni mimi. Nilisema mwenye shida aje ofisini, na mkatii. Sasa ni miezi minne. Mnajua ni wangapi wamekuja ofisini? Hakuna hata mmoja. Nami nilikuwa nakaa pale nikisema moyoni, ashukuriwe Mungu, usharika wangu hauna shida.

Mzee wa kanisa, ile karatasi ya matangazo ya shida irudishwe. Leo hatutatoka saa tano, wenye vyungu jikoni mtanisamehe. Tunaanzia nyuma. Wewe mama wa benchi la mwisho, karibu na mlango, ambaye nimekuona Jumapili tatu ukifuta macho nikaendelea kuhubiri: simama, mama yangu, sema. Usharika wote uko hapa kukuinua.