Kwa Nini Vyura Hunyamaza Ukikaribia

Endeleeni kuchambua kunde, masikio hayachambui. Mmetoka lamboni mnacheka, eti vyura wamewaogopa. Wawaogope ninyi? Thubutu! Sikilizeni wanayemwogopa.

Kabla ya chura wa kwanza kulia, lambo letu lilikuwa kimya, na bonde hili liliongozwa na baraza. Wazee wa Juu walikaa upande huu, wazee wa Chini upande ule, na katikati, juu ya kigoda, alikaa Nakunda binti Mshana. Lango la lambo halikufunguliwa mpaka mwenye kigoda aulize, "Tufungue?" na pande zote mbili zijibu, "Fungua." Upande mmoja ukinyamaza, maji hayatoki. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasiibiane maji. Ilikuwa sheria nzuri, ila walioitunga hawakumjua Kadeghe.

Kadeghe alikuwa mkubwa wa wazee wa Chini, na kigoda kile alikitamani mpaka usingizi ukampaa. Mwaka wa ukame, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, aliwaambia wenzake wasipinge lolote. Anayepinga huulizwa sababu. Wao wanyamaze tu; mahindi yakifa, lawama itajua nyumba ya kwenda.

Basi Nakunda akiingia, upande wa Chini kimya. Akiuliza, kimya. Akitoka, kelele na vicheko. Akawafuata majumbani kwao, akawaahidi zamu ya kwanza ya maji, akaomba radhi kwa makosa asiyoyafanya. Wakanywa pombe yake, wakarudi barazani, wakanyamaza. Watu wa bonde hawakuwa mle barazani. Walichokiona ni mahindi kujikunja. Wakasema kazi imemshinda, mbona enzi za baba yake maji yalitoka? Mchana mmoja wakampindulia kigoda. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekataa kujibu. Inaniuma mpaka leo, na hao ni babu zangu.

Nakunda alikitazama kigoda, kisha akawatazama wazee wa Chini.

"Niliwauliza," alisema. "Nitaendelea kuwauliza."

Akashuka lamboni, akaingia majini kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake. Maji yakamfunika. Waliopiga mbizi kumtafuta hawakugusa hata ncha ya nguo yake.

Kadeghe hakungoja matanga. Jua likiwa bado utosini, alikibeba kigoda, akakikalia pale pale ukingoni, akauliza, "Tufungue?" Wenzake wakafungua vinywa wajibu. Hapo ndipo nyayo mbichi zilipotokea kwenye udongo, moja mbele ya nyingine, zikipanda kutoka majini, na juu yake hapakuwa na mtu. Zikasimama mbele yao. Sauti ya Nakunda ikauliza taratibu, kama ilivyouliza siku zote, "Tufungue?"

Wakanyamaza. Walikuwa wamezoea mno. Kadeghe aliwasihi wajibu, na yeye pia sauti ikamkwama, koo likavimba, ngozi ikaloa, macho yakamtoka. Mmoja mmoja wakateleza majini. Nyayo ziliporudi lamboni na kupotea, ndipo wakajibu wote kwa fujo, na hakuna aliyeelewa neno. Watu walifungua lango wenyewe. Mahindi ya Juu yalipona. Ya Chini yalikuwa yameshakauka.

Na tangu siku hiyo vyura hupayuka wakiwa peke yao, na hatua ya mtu ikisikika hunyamaza wote, wakidhani ni yeye. Na tangu siku hiyo, hapa kwetu kiongozi hapinduliwi kigoda mpaka wanaomshtaki wapelekwe kwanza ukingoni, wasimame ndani ya kimya kile alichokaa nacho Nakunda. Wengine hurudi wamebadili maneno.

Kesho mkienda kuchota maji, msicheke. Kimya kikitanda, subirini kidogo. Mtasikia mtu akiuliza, chini kabisa, karibu na ndoo. Mimi humjibu kila siku. "Fungua, mama," namwambia, kisha nachota.