Mnada wa Chungu cha Makande

"Jamani, ninayo!"

"Ilete!"

"Ina uongo ndani!"

"Ilete na uongo wake, tutautafuna!"

Haya. Sogeeni karibu. Wewe Mbonea, toa mguu wako kwenye mkeka wangu, na atakayesinzia asije kesho kuniuliza iliishaje.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko sisi, kijiji kimoja cha mlimani kiliamka kikakuta chemchemi yake imezibwa. Mlima ulikuwa umeporomoka, gudu-gudu-gudu, puu! Mawe yakaikalia chemchemi, yakatulia. Maji unayasikia huko chini yakinong'ona, lakini kuyanywa huwezi.

Kijijini hapo aliishi Perere. Mnamjua perere? Kanyama kadogo ka mitini na mapangoni, ukimwona utadhani sungura aliyesahau masikio nyumbani. Lakini akilia, mama yangu! Utadhani jitu linang'olewa jino. Perere wetu huyu wenzake walimwita Mama Nakijwa, kwa jina la kitinda mimba wake. Na Nakijwa siku hiyo alikuwa amelala tu juu ya jiwe, ulimi umekauka, hata kulia hawezi. Mama yake akimtazama, roho inamuuma.

Si kwamba wanakijiji walikaa bure. Waliitana msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, kila mwenye mkono aje nao. Digidigi akasukuma, jiwe tuli. Nungunungu akasukuma, jiwe tuli. Kanga akasukuma, jiwe tuli, na manyoya yakambanduka mgongoni. Kobe, mwenyekiti wa kamati ya maji, yeye hakusukuma, ila alifungua kikao na akafunga kikao.

"Wa kuyaondoa haya ni mmoja tu," akasema Nungunungu. "Kifaru."

Wote wakaguna. Mmh!

Kifaru, jamani! Nguvu anazo, pembe anayo. Lakini Kifaru na kazi ya kujitolea? Thubutu! Yeye alikuwa mtu wa sherehe. Panapochangwa kitu, yuko kiti cha mbele, mgeni rasmi. Walipochangia daraja, alisimama akasema, "Naahidi magogo!" Akapigiwa vigelegele, akala chakula chote, akaondoka. Walipochangia nyumba za wajane, alisimama akasema, "Naahidi nyasi za kuezekea!" Akapigiwa vigelegele, akala chakula chote, akaondoka. Magogo yako wapi? Kesho. Nyasi ziko wapi? Kesho. Na dimbwi la mwisho lililobaki bondeni amelilalia yeye, na akikuona unakuja na kibuyu anakukoromea: "Fooo!"

"Basi na sisi tufanye sherehe," akasema Mama Nakijwa.

"Sherehe?" Kobe akatoa kichwa chote nje, jambo ambalo halifanyi hovyo. "Watoto wanakufa kiu, wewe unataka sherehe?"

"Sherehe ya kuchangia chemchemi. Tupike makande, chungu kikubwa kile cha arusi. Kila mmoja alete alichonacho."

"Na maji ya kupikia?"

Maji yaliyobaki kijiji kizima yalikuwa kibuyu kimoja, yanagawiwa watoto kwa kifuu cha nazi. Wakatazamana. Mama Nakijwa akamtazama mwanawe, akasema kwa sauti ndogo, "Tuyamwage yote chunguni. Yakibaki kibuyuni yataisha leo jioni, na kesho tutahama. Na sisi perere tukihamia uwandani, tai watatumaliza."

Digidigi akaleta maharage, Kanga akaleta karanga, na Nungunungu akaleta mahindi. Msimuulize aliyatoa shamba la nani. Kibuyu cha mwisho kikamiminwa, go-go-go, mpaka tone la mwisho. Chungu perere wakakipandisha juu ya mwamba, kwenye kibaraza ambacho perere peke yake ndiye anayeweza kukifikia, wakawasha moto hukohuko.

Halafu Mama Nakijwa akashusha pumzi, akaenda kwa mama mkwe wake.

Alikuwa na sababu ya kushusha pumzi. Tangu aolewe pale, walikuwa wanagombana kwa jambo moja: sauti ya yule bibi. Perere wote wana sauti, lakini huyu alizidi. Akipiga chafya, majani yanapukutika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nina ombi, mama. Nataka upige kelele."

Bibi akatega sikio. Miaka yote mkwe huyu alikuwa akimwambia: mama, punguza sauti, watoto wamelala. "Hebu sema tena," akasema.

"Utajificha ng'ambo ya korongo, nyuma ya mwamba. Kutakuwa na mnada. Kifaru akitaja mawe, wewe ongeza kidogo. Kidogo tu, mama. Halafu umwachie ashinde."

"Kidogo tu," akasema bibi, na macho yake yakang'aa kwa namna ambayo Mama Nakijwa hakuipenda hata kidogo.

Basi makande yakachemka, togo-togo-togo, harufu ikateremka bondeni, ikaingia dimbwini, ikampiga Kifaru puani. Wala hakusubiri mwaliko. Gudu, gudu, gudu, huyo! Akaja akaketi kwenye gogo la mbele, kiti chake cha siku zote.

"Nimekuja kuwaunga mkono," akasema. "Nipakulieni."

"Karibu, Mheshimiwa," akajibu Mama Nakijwa akiwa juu mwambani, mwiko mkononi. "Ila leo hatupakui. Leo kuna mnada. Chungu hiki ni cha mtu mmoja."

"Chote?"

"Chote, na ukoko wake."

Mate yakamdondoka Kifaru, do, do, do.

"Tunanadi kwa mawe, Mheshimiwa. Atakayesema ataondoa mawe mengi kwenye chemchemi, chungu ni chake. Na hakiepuliwi motoni mpaka jiwe lake la mwisho liondoke."

Kifaru akawatazama waliohudhuria. Digidigi. Kanga. Kobe. Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Wa kushindana na mimi ni nani hapa? Haya. Jiwe moja!"

Ng'ambo ya korongo mlima ukapasuka.

"KWOOORRR-KWIII! Mawili!"

Kifaru akaruka na gogo lake. "Nani huyo?"

"Mgeni wa upande wa pili, Mheshimiwa. Kasikia habari za makande."

Kifaru akakodoa macho. Na macho ya Kifaru mnayajua, akipita kwenye kichuguu anakisalimia. Akaona mwamba, akadhani ndiye huyo mgeni. Akameza mate. "Ni mkubwa, eeh? Basi matatu!"

"KWOOORRR-KWIII! Manne!"

"Matano!"

"KWOOORRR-KWIII! Sita!"

Safi kabisa. Mama Nakijwa akaanza kutabasamu. Akakoroga chungu, harufu ikatoka nyingine.

"Saba!" akasema Kifaru.

"KWOOORRR-KWIII! Kumi!"

Mama Nakijwa akakohoa. Kidogo, mama, kidogo. Lakini wapi! Bibi wa watu, miaka yote amenyamazishwa, leo amepewa ruhusa mbele ya kijiji kizima. Sauti ilikuwa imemkolea.

"Kumi na moja!" Kifaru akasema, jasho linamtoka.

"KWOOORRR-KWIII! Ishirini!"

"Ishirini... ishirini na..."

"YOTE! KWOOORRR-KWIII! NAYAONDOA YOTE!"

Makande peke yake ndiyo yaliyosikika, togo, togo.

Kifaru akatazama lile rundo la mawe, akatazama chungu, akainuka. "Aah, hapana. Mawe yote kwa ajili ya makande? Achukue. Nitakula kwingine." Akageuka kuondoka.

Mama Nakijwa akainama ukingoni mwa kibaraza. Kobe akainua shingo akamnong'oneza, "Hongera. Mkweo ameshinda mnada. Sasa mawe atayaondoa na nini, na ulimi?"

Akamtazama Nakijwa wake pale juu ya jiwe. Mtoto hakufungua hata macho. Maji ya mwisho yalikuwa chunguni, yameingia kwenye mahindi, hayarudi. Yeye ndiye aliyewaambia wayamwage. Akaogopa mpaka akasikia baridi.

Halafu akajiuliza, hivi huyu Kifaru anakula nini kwa uroho kuliko chakula?

"Akina mama!" akapaza sauti. "Mbona mmekaa kimya? Mpigieni mshindi vigelegele!"

Kanga akamtazama, akaelewa. "Ayiyiyiyiyiii!" Digidigi akapokea, "Ayiyiyiyiyiii!" Mlima mzima ukaitikia.

Kifaru akasimama. Sikio moja likageuka nyuma.

"Kuanzia leo huyu ndiye mgeni rasmi wetu!" akasema Mama Nakijwa. "Nungunungu, beba kiti cha mbele, kipelekwe ng'ambo!"

Nungunungu akalishika lile gogo, akaanza kulivuta, kwaruu, kwaruu.

Sikio la pili likageuka. "Kiti gani hicho?" akauliza Kifaru. "Kiti changu?"

"Kilikuwa chako, Mheshimiwa. Safari njema. Jamani, nafunga mnada! Mara ya kwanza!"

"Ayiyiyiyiyiii!"

"Mara ya pili!"

"Weka kiti chini!" Kifaru akanguruma, akarudi mbio, vumbi likatimka. "Mimi ndiye mgeni rasmi hapa! Yote! Nayaondoa yote, na lile kubwa la chini kabisa, lililokaa kwenye jicho la chemchemi! Nayaondoa sasa hivi, watu wakiona!"

Mama Nakijwa akageuza macho ng'ambo ya korongo. Nyuma ya mwamba ilisikika pumzi ikivutwa, ndefu, ya mtu anayejiandaa. Mama, nakuomba. Mama, basi, inatosha. Nitakuacha uimbe hata watoto wakiwa wamelala.

"KWOO..." Kisha kimya. Kisha kikohozi. "Kho, kho. Nimeshindwa."

Mama Nakijwa akauangusha mwiko.

Kifaru akainamisha pembe. Gudu, jiwe likaondoka, puu, korongoni! "Kimeiva?" akauliza. "Kinaiva, Mheshimiwa." Gudu, jiwe likaondoka, puu, korongoni! "Kimeiva?" "Kinaiva, Mheshimiwa." Akina mama wanapiga vigelegele, Nungunungu anapiga gogo, Kobe anahesabu na kusahau, anaanza upya. Jua likapanda, likainama. Kifaru anatweta, fyuu, fyuu, lakini kila akitaka kupumzika, wanampigia vigelegele, na yeye akivisikia hajiwezi.

Likabaki lile kubwa la chini. Akachimba miguu, akaingiza pembe, akasukuma. Jiwe tuli. Akasukuma. Jiwe tuli. Kijiji kizima kikaacha kupumua. Akajivuta nyuma, akaja mzimamzima, gudu-gudu-gudu...

BWAAAA!

Maji, jamani! Maji yalitoka kwa hasira za siku zote yalizokuwa yamefungiwa. Kanga akasombwa akaokolewa. Mama Nakijwa akashuka mwambani hajui ameshukaje, akamchukua mwanawe, akamtumbukiza mdomo majini. Nakijwa akanywa. Akapaliwa. Halafu akalia, kwa ile sauti ya ukoo wao ya kung'oa jino, na mama yake hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Akakaa chini kwenye matope akacheka, akalia, akacheka tena. Mzigo ulikuwa umemtoka kifuani. Hakuna kuhama. Hakuna tai. Wako nyumbani.

Na Kifaru? Koo lilikuwa limemkauka kwa kazi. Akainamisha kichwa akanywa, gubu-gubu-gubu. Akapumua, akanywa tena, gubu-gubu-gubu. Tumbo likajaa, likakaza. Ndipo perere wakashusha chungu, mvuke unafuka, ukoko unanukia, wakakiweka mbele yake.

Kifaru akakitazama. Akafungua mdomo. Akafunga mdomo. Pa kuweka hata harage moja hapakuwapo.

Nanyi mnaijua minada ya michango. Mtu ananunua jogoo kwa bei ya kushangaza, anapigiwa makofi, halafu anamrudisha jogoo kwa wenye shida. Ndiyo desturi, na asiyerudisha anatazamwa vibaya. Mama Nakijwa akaruka juu ya gogo.

"Ndugu zangu! Mheshimiwa amekinunua chungu kwa jasho lake, na sasa anakirudisha kwa watoto wa kijiji!"

"Sijase..." akaanza Kifaru.

"Ayiyiyiyiyiii!"

Kifaru akawatazama akina mama. Akajikohoza. Akainua pembe. "Eee... naam. Nimekirudisha. Mimi ndivyo nilivyo."

Watoto wakala mpaka wakalamba mwiko. Bibi naye akatokea ng'ambo, amenuna, akapewa ukoko.

"Nilikuwa namshinda yule," akasema.

"Ulikuwa unamshinda, mama," akajibu mkwe wake, akamkumbatia, na wote wawili wakashangaa.

Haya, uongo wangu umefika mwisho wa kamba. Anayeutaka auvute kwake, asiyeutaka auache hapo ulipo.

"Tumeuvuta!"

Nini? Funzo? Nyie watoto hamshibi! Basi sikilizeni. Funzo ni kwamba ukijitolea kusaidia wenzako, jitolee kimyakimya, kwa moyo mweupe, bila kutaka sifa wala chakula, kama alivyofanya Mheshimiwa Kifaru. Na kama hamniamini mimi, nendeni mkamuulize mwenyewe. Yuko pale chemchemini, amekaa kwenye gogo la mbele, na mpaka leo hajamaliza kusimulia.