Nyayo za Katibu Fisi

Mwaka huo mvua ilikwenda likizo bila kuaga, na nchi ya wanyama ikabaki na kisima kimoja cha serikali. Wafanyakazi wa Mfalme Simba waliteka maji tangu alfajiri hadi jioni. Adhuhuri walipumzika, wakanywa, wakajilaza kivulini. Chama chao ndicho kilichoyapigania mapumziko hayo, na Bi Punda aliyapenda kuliko wote, kwani saa hiyo alimnyonyesha mwanawe. Punda asiyekunywa maji hana maziwa.

Katibu wa chama alikuwa Fisi. Alivyoupata ukatibu hakuna aliyekumbuka vizuri, ila siku ya uchaguzi palikuwa na pilau. Kazi yake ilikuwa kubandika habari za wanachama ubaoni: nani kastaafu, nani kafiwa, timu ya kuvuta kamba imeburutwa na nani. Ilikuwa ikiburutwa na kila mtu.

Siku moja ubao ukasema: "Mkutano wa dharura! Fulana za Mei Mosi zimefika." Wakaja mbio. Katika chama kile mkutano haukuwa mkutano mpaka karatasi ya mahudhurio izunguke, kila mmoja agandamize wayo wake. Hakuna aliyeisoma, nani husoma mahudhurio? Bi Punda akagandamiza ukwato, akapewa fulana iliyombana shingo, akaenda zake akiimba.

Kesho yake adhuhuri, askari Nyani akasimama mlangoni pa kisima.

"Hakuna kupumzika. Mmeacha wenyewe."

"Nani kaacha?" Bi Punda akauliza.

"Barua ya chama iko kwa Mfalme. Na ukwato wako umo, mama, nimeuona kwa macho yangu."

Siku ya tatu maziwa yakakauka. Mtoto akavuta chuchu, akaiachia, akalia. Bi Punda, ambaye hajawahi kumjibu mtu vibaya, akatukana matusi ambayo hata ngedere waliyasikiliza kwa heshima. Kisha akaenda masijala kwa karani Sungura, ambaye barua zote hupita mikononi mwake.

"Mmechezewa, Bi Punda," Sungura akasema. "Fisi kaibana karatasi ya mahudhurio nyuma ya barua: 'Sisi tuliotia alama tunaacha mapumziko kwa kumpenda Mfalme.' Maji yenu yanaosha manyoya ya Simba, na Fisi analetewa mifupa kutoka jikoni ikulu."

"Basi nakwenda kumwambia Simba!"

"Umwambie kwamba hapendwi? Atakula wewe kwanza. Meza hasira, uniachie ubao."

Asubuhi ubao ukasema: "Tafrija ya Mei Mosi. Anayetaka mfupa wa nyongeza atie wayo. Wayo mmoja, mfupa mmoja." Chini yake palikuwa na karatasi tupu yenye mistari arobaini. Fisi hakujiuliza nani kabandika tangazo kwenye ubao wake. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akagandamiza wayo mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa arobaini, na mwingine pembeni kwa tahadhari. Alipoondoka, Sungura akaichukua karatasi, akaibana nyuma ya barua mpya kwa Mfalme, aliyoiandika mwenyewe.

Mei Mosi ikafika. Simba akapanda jukwaani, manyoya yamechanwa.

"Wafanyakazi wangu wananipenda mpaka naona haya!" akanguruma. "Wapo waliojitolea kuteka maji adhuhuri, zamu arobaini, ili wenzao wapumzike. Simameni niwaone!"

Hakuna aliyesimama. Simba akaikazia macho karatasi.

"Kumbe nyayo zote za Fisi! Katibu, peke yako?"

Fisi akapiga hesabu haraka. Akisema nyayo zile zilitiwa kwa jambo lingine, ile barua yake ya kwanza nayo itafumuliwa, na Simba ana njaa ya tangu asubuhi. Uwanja mzima ukampigia makofi. Bi Punda akajikokota mpaka mbele, akamtwika Fisi madumu mawili, akazikaza kamba kwa meno.

"Mshikamano, katibu!"

"Daima," Fisi akajibu, akashika njia ya kisimani.

Safari ya tatu akaanguka kifudifudi. "Kazi hii haina utu!" akalia. "Mchana wote bila kupumzika? Chama kiko wapi?"

Chama kilikuwa kivulini, kimeshiba maji. Bi Punda alikuwa ananyonyesha, wala hakufumbua jicho.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.