Hereni za Fisi Asiyetaka Fundo

Paukwa!
Pakawa!
Shanga zipo?
Zipo!
Uzi upo?
Upo!
Na fundo?
Fundo utafunga wewe!

Haya, tulieni. Mimi sina haraka.

Aliishi Bi Panya, jina lake Sikudhani, na binti yake Siwema. Mama yake Bi Panya, Mungu amrehemu, alipoaga dunia aliacha shanga chache, nyekundu na buluu, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alisema, "Mjukuu wangu akiolewa, mvisheni hizi." Basi. Hakuacha kingine.

Harusi ya Siwema ikawa kesho. Bi Panya akaketi mlangoni pa shimo lake, atunge hereni. Shanga ya kwanza, bismillahi. Shanga ya pili, bismillahi.

Mara, kivuli, puu! Fisi huyo.

"Bi Panya, unatunga nini?"

"Hereni za binti yangu, mzee."

"Nitungie mimi. Leo Simba ana karamu."

"Mzee, shanga hizi ni za marehemu mama."

"Marehemu ana masikio? Nitungie, au nachimba shimo hili nimle bibi harusi!"

Akaparua ardhi: kwaru! kwaru! Siwema akalia humo ndani, "Mama!"

Bi Panya akamwomba Mungu kimoyomoyo. Kisha akauliza taratibu, "Mzee, kabla sijaanza. Je, una fundo na mimi?"

Fisi akadhani anaulizwa habari ya kinyongo, naye alitaka aonekane muungwana. "Mimi? Sina fundo!"

"Hata dogo?"

"Hata dogo! Sitaki fundo lolote kati yetu."

"Haya. Utakavyo ndivyo nitakavyofanya."

Akatunga nyuzi mbili ndefu. Mwisho wa uzi, pale mtungaji hufunga fundo ili shanga zisitoke, hakufunga. Alibandika nta kidogo tu. Kisha akachukua mwiba wa mchungwa, amtoge masikio. Tii!

"Mama wee!" akalia Fisi.

"Vumilia, mzee. Hata watoto wa kike huvumilia."

Akamvisha. Akamwambia, "Nenda polepole, wala usitazame nyuma. Mwenye hereni hageukigeuki kama kuku."

Fisi akaenda, shingo juu. Jua la adhuhuri likawaka. Nta ikalainika. Tik! Shanga moja chini. Tik! Ya pili. Bi Panya na Siwema wakawa nyuma yake, wanaokota. Tik! "Alhamdulillahi." Tik! "Alhamdulillahi."

Fisi akasikia vishindo vidogo nyuma yake. "Naam, watu wananifuata kunitazama!" Akazidi kuringa. Alivyozidi kuringa, ndivyo shanga zilivyozidi kudondoka.

Karamuni wanyama wakaangua kicheko. "Bwana Fisi, mbona masikio yako yanafumuka nyuzi?"

Fisi akajishika masikio. Akarudi mbio, hu! hu! hu! Akakuta shimo tupu. Mama na binti walikwisha kuhamia kwa wakwe, ndani ya ufa wa mwamba, na mwamba hauchimbiki. Humo Bi Panya alikuwa anatunga upya. Lakini ilikosekana shanga moja, ya buluu, na bila hiyo hereni hazilingani. Moyo wake ulikuwa mzito.

Fisi akafuata harufu yao hadi mwambani, akaingiza pua ufani. "Wewe Panya! Kwa nini hukufunga fundo?"

"Nilikuuliza, mzee. Ukasema hutaki hata dogo."

"Basi sasa ninalo! Nina fundo na wewe, kubwa!"

Akatikisa kichwa kwa hasira. Tik! Ile ya buluu, iliyokuwa imenasa manyoyani, ikadondoka ufani.

"Alhamdulillahi!" akasema Bi Panya. "Ahsante, mzee. Ndiyo iliyobaki."

Akaitunga. Akafunga fundo, akalikaza mara mbili. Akamvisha Siwema, akamtazama, akalia kidogo kwa kumkumbuka mama yake. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kuni.

Na funzo la hadithi, wanangu, lishikeni sana: msiweke fundo na jirani. Fisi hakuweka, na mmeona alivyopendeza.

Hapa nafunga uzi.
Funga!
Nakata.
Kata, isije ikadondoka!