Balbu Moja Iliyoungua

Ndugu zangu, nani kati yetu hajakulia nyumba yenye vyombo vya wageni? Vikombe vizuri vimo kabatini, watoto mnakunywa chai kwenye vikopo vya plastiki, na ole wako uvisogelee. Haya, shikeni hilo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, shule ya kata, kule ambako maabara ni jina tu lililoandikwa mlangoni. Umeme aliufundisha kwa chaki. Alichora betri, akachora waya, akachora balbu, akasema, "Hapa itawaka." Watoto wakaandika: itawaka. Ingewakaje ubaoni? Na moyoni yule mwalimu alikuwa anaumia, maana hata yeye alisoma hivyo hivyo, hajawahi kuiwasha kwa mkono wake.

Basi akaitwa semina ya walimu wa fizikia. Huko akaunganisha nyaya mwenyewe, balbu ikawaka, na mtu mzima yule akajikuta machozi yanamtoka. Siku ya kufunga, mwezeshaji akampa sanduku la vifaa. "Mwalimu," akamwambia, "nikija kwako nikakuta hivi vimechakaa mikononi mwa watoto, nitakushukuru."

"Utavikuta vimechakaa," akajibu. Na alimaanisha, jamani. Hakuwa mwongo.

Jumatatu akaingia darasani na sanduku lake. Binti mmoja wa mbele, asiyejua kutulia, akadaka balbu, akaiunganisha na betri zote alizozikuta. Ikawaka nyeupe pe! Darasa zima likapiga ukelele wa furaha. Halafu ikaungua.

Mwalimu akapandwa na hasira. "Mnaona? Mnaona nyie? Mkishakuwa na akili nitawapa." Sanduku likaingia kabatini, kufuli likapigwa, ufunguo mfukoni. Akarudi kwenye chaki yake.

Mnajua kabati lile lilifunguliwa kwa ajili ya nani? Wakaguzi wakija, linafunguliwa. Mgeni rasmi akija, linafunguliwa, sanduku linaonyeshwa likiwa limefunikwa, picha zinapigwa. "Vifaa tunavyo," anasema mwalimu. Akaitwa semina nyingine, akaenda, akafurahi, akarudi. Kabati likabaki vile vile.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa vitendo. Watoto wako mlangoni. Mwalimu akafunua sanduku, na lo! Betri zimevimba, zimevuja, maji yake yamekula nyaya, nazo zimeota kutu ya kijani. Akajaribu betri hii, akajaribu ile, akazisugua kwa shati lake. Wapi!

Yule binti alikuwa amesimama karibu naye. Akamuuliza kwa upole, na huo upole ndio uliommaliza: "Mwalimu, vimeharibikaje, na sisi hatujavigusa?"

Wewe ungemjibu nini? Watoto wale wakaingia kwenye mtihani, wakaandika "itawaka", wakafeli. Wametawanyika sasa, na hakuna semina itakayowarudisha darasani.

Sasa nisikilizeni. Mle sandukuni balbu zilizobaki zilikuwa nzima, zote. Iliyowahi kuwaka katika shule ile ni moja tu, ile aliyoiunguza binti.

Na sisi je? Hapa tulipokaa ni wapi, kama si semina? Kila Jumapili tunaitwa, tunafundishwa kusamehe, machozi yanatutoka, tunaitikia amina mpaka mabati yanatikisika. Tukifika nyumbani, kufuli. Upole wetu ni wa wageni. Mwenzako ndani ya nyumba, mtoto wako aliyekukosea mara moja, hao unawaambia wawe na akili kwanza, ndipo uwapende. Unangoja. Unadhani upendo ule umekaa salama kwa kuwa umeufungia.

Leo sina neno la kuwafariji, nisiwadanganye. Betri haingoji mtu. Inavuja kimya kimya, humo humo tulimoihifadhi. Ufunguo unao mfukoni, ndugu yangu. Nenda kafungue, ila utakachokikuta mimi sikijui.